Chumvi ni madini, mtoto hakukosea

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Juzi mtoto wa dadangu amerudi na karatasi ya mtihani, waliambiwa wataje madini matatu akaandika dhahabu, magadi na chumvi, basi chumvi ikatiwa kosa, ati hicho ni chakula. Imeniuma sana manake mimi nimefanya kazi miaka kwa mabwawa ya chumvi huku Gongoni, na halafu magadi yamepita, na yote mawili ni maji yamekauka yakaacha kitu!

Watu wengi hapa Malindi wakisikia madini wanafikiria pesa. Bei haihusiki kabisa. Ili kiitwe madini, kitu kiwe kigumu, kimetokea chenyewe bila kutengenezwa na mtu, hakikutoka kwa mti wala mnyama, kiwe na mchanganyiko wake maalum, na kule ndani chembe ziwe zimejipanga kwa mpango unaojirudia. Hilo la mwisho ndilo watu hawalijui na ndilo tamu zaidi. Chukua punje ya chumvi ya mawe uiweke juani, utaona ni kijisanduku, pande zimenyooka, igonge ipasuke na vipande navyo vinatoka na kona za mraba, kwa sababu sodiamu na klorini, zile chembe za chumvi, zimepangana hivo toka ndani. Sukari nayo ina kona na inang'aa lakini ni ya miwa. Sandarusi waliyouza wazee wetu ni ngumu kama jiwe ila ni utomvu wa mti, na ndani haina mpango wowote. Barafu ya juu Mlima Kenya ni madini, ya friji siyo, maji yenyewe pia siyo.

Kuna mwalimu mmoja ameniambia mabwawa yamechimbwa na watu kwa hivyo hiyo chumvi si ya asili. Hoja nzuri, siikatai. Lakini nenda pale mwambani karibu na mnara wa Vasco da Gama wakati wa kaskazi, maji ya bamvua, yale makubwa, yanajaza vile vishimo vya juu, yakija maji mafu, yale madogo, bahari haifiki tena, jua linapiga siku kadhaa unakuta ukoko mweupe umeganda kwa jiwe na hakuna mkono wa mtu uliougusa. Hiyo utaiita nini?

Mtoto ameifuta chumvi kwa daftari lake. Naomba walimu wampe maksi yake aiandike tena.

Msomaji wako,
Malindi