Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: chuma, matumbawe na lile teke langu

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya kuzamia, salaam. Najua taarifa imechelewa, katibu kanikumbusha mpaka kachoka akawa ananitumia emoji ya saa tu bila maneno, kwa hiyo samahani sana, naandika kwa mkupuo mmoja na naandika kama ninavyoongea. Mambo ya hesabu mtayapata kwa mhazini, mimi nitaongelea ya kule chini.

Safari yetu kubwa ilikuwa Bahari ya Shamu kuiona Thistlegorm. Kwa waliojiunga juzijuzi, hii ni meli ya mizigo ya Uingereza iliyoundwa 1940, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1941 ikiwa imetia nanga ndege za Kijerumani zikaipiga bomu, bomu likapata ngama ya nyuma, yani chumba cha mizigo, iliyojaa risasi na mabomu ya jeshi, basi meli ikapasuka upande wa tezi, kule nyuma, na watu 9 wakafa. Saivi imekaa kwenye mchanga mita kama 30 chini na mzigo wake bado umo. Malori yamo, pikipiki za BSA zimesimama mstari juu ya malori utadhani ziko gereji zinasubiri wenyewe, mabuti ya mpira yamerundikana, alafu ukitoka nje mchangani unakuta vichwa vya treni ya mvuke, kimoja huku kimoja kule, vilivyorushwa na ule mlipuko. Nimezamia miaka mingi lakini kichwa cha treni chini ya bahari bado kinanifanya nicheke kwenye regulata, kile kifaa cha kupumulia mdomoni.

Sasa niseme lililotokea, maana kwenye grupu kila mtu kashaongeza chumvi yake na kuna toleo moja nimesikia eti nilibebwa juu nimezimia. Sikuzimia. Ilikuwa hivi: niliingia ngamani, mimi mwenyewe ambaye asubuhi kwenye boti nilikuwa nawahubiria wenzangu, nikaona dashibodi ya lori na usukani wake, nikageuka nipige picha, na kwenye kugeuka nikapiga teke moja tu la chini. Moja! Tope laini la miaka zaidi ya 80 likainuka pamoja na vumbi la kutu, tochi ikawa kama taa ya gari kwenye ukungu, namulika naona ukuta mweupe, nikizima naona giza, mlango sijui uko wapi. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, sasa mimi nilishakuwa ngamani na shida yangu ilikuwa kutoka. Moyo ukaanza kwenda mbio, na moyo ukienda mbio na hewa inakwenda, na kwenye mita 30 presha ni mara 4 ya ile ya juu kwa hiyo kila pumzi moja unakunywa mtungi mara 4. Nilishika ubavu wa lori nikatulia nikahesabu. Mwenzangu alikuwa amebaki mlangoni (Mungu ambariki, ndiye pekee aliyefuata nilichohubiri) akawa anazungusha tochi yake taratibu, nikaona kimwanga nikakifuata. Tulipofika kwenye kamba ya kupandia juu, geji yangu ya hewa ilikuwa imekula theluthi ambayo haikutakiwa kuguswa, yani ile ya balaa. Theluthi ya hewa ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya balaa, mnaijua, na mimi naijua, ila siku ile nilikuwa sina hata kamba ya kurudia, ile unayoifunga mlangoni ili uifuate kutoka.

Nimekaa nalifikiria hili miezi, na nilichokiona sio kwamba kosa ni kuingia. Kosa lilianzia kiunoni. Nilikuwa na suti mpya nene nikaongeza vipande viwili vya risasi (ile madini nzito ya kuzamishia, sio ya bunduki) kwenye mkanda bila kupima, nikawa mzito, ili nisizame nikawa najaza hewa kwenye jaketi la kuelea, jaketi likavuta kifua juu na mkanda ukavuta miguu chini. Mtu aliyesimama majini namna hiyo kila teke lake linakwenda sakafuni. Hakuna namna.

Alafu nikarudi kupitia video zenu za mwaka mzima, hasa za kwenye miamba, na hapa naomba asinune mtu. Kwenye chuma teke linainua tope, kwenye matumbawe teke hilohilo linavunja. Nimeona pezi linapita juu ya matumbawe ya matawi, tawi linakatika, mpiga video wala hajui, anamfukuza kasa. Yale ya matawi yanakua haraka kidogo lakini yale ya mviringo kama mabonge mengi yanaongezeka sentimita moja kwa mwaka au chini ya hapo, kwa hiyo bonge la mita moja ulilolikanyaga ili urekebishe maski lilianza kukua kabla babu yako hajaoa pengine.

Na sio kwamba yana nafasi ya kusubiri uzembe wetu. Aprili 2024 NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, ilitangaza kwamba dunia iko kwenye wimbi la 4 la matumbawe kupauka, na hesabu zilizotolewa Aprili 2025 zinasema joto la kiwango cha kupausha liligusa asilimia 84 ya eneo la miamba duniani toka Januari 2023. Wengi mnauliza kupauka ndio kufa? Hapana, sio mara moja. Ndani ya tumbawe wanaishi mwani wadogo sana ambao ndio wanampikia chakula na kumpa rangi, maji yakiwa moto wiki kadhaa mfululizo anawatema, anabaki mweupe na njaa. Joto likishuka mapema anaweza kuwapata tena, likichelewa ndio basi. Kwa hiyo ukikuta mwamba mweupe usiuandikie msiba, lakini usiusogelee pia, ni mgonjwa yule.

Hii inanipeleka kwenye ule ugomvi wetu wa kila mwaka kati ya watu wa chuma, yani wapenda meli zilizozama, na watu wa matumbawe. Watu wa chuma wanasema zamisheni meli nyingi mtapata miamba, na mfano wao ni Oriskany, manowari ya kubeba ndege yenye urefu wa mita 270 hivi iliyozamishwa makusudi karibu na Florida mwaka 2006. Mimi nasema samaki watakuja ndio, watapata nyumba, ila kuongeza nyumba wakati mtaa mzima unaungua sio kuuzima moto. Na mjue kabla ya kuzamisha lazima meli isafishwe mafuta na sumu, ni kazi kubwa. Hata hivyo Liberty, meli ya mizigo ya Marekani kule Tulamben, Bali, imenilainisha. Ilipigwa torpedo Januari 1942, ikavutwa mpaka ufukweni ikakaa pale miaka 20 na ushee, mwaka 1963 mlima Agung ukalipuka ukaisukuma baharini, na leo chuma chake hukioni vizuri kwa matumbawe na sponji zilizoota. Hakuna kamati iliyopanga.

La vitu vya kuokota. Mmoja wetu alileta kwenye mkutano kitu alichokitoa kwenye meli, simtaji, kashakirudisha kwa mamlaka ya kule. Hoja yake ilikuwa mkataba wa UNESCO wa 2001 unalinda vilivyokaa majini miaka 100 na kuendelea, na hiyo meli haijafika. Jamani! Thistlegorm itafika 100 mwaka 2041, sasa tukae tunamenya pikipiki mpaka 2040? Na zingine ni makaburi. Meli ya Yongala ya Australia ilizama kwenye kimbunga 1911 na watu 122, hakupona hata mmoja, pale kuingia ndani ni marufuku kabisa na mimi naunga mkono.

Kamati imekubaliana hivi. Kuanzia sasa hakuna anayeingia ndani ya meli, mwenyekiti akiwemo, mpaka aelee palepale mita 5 kwa dakika 3 bila kupanda wala kushuka wala kupiga mikono kama kuku. Kamba ya kurudia na tochi mbili ni lazima. Kwenye safari za miamba glavu zinabaki kwenye boti, maana mwenye glavu mkono unamuwasha kushika. Mafuta ya jua yenye kemikali ya oksibenzoni tuache, kisiwani Palau walishayapiga marufuku toka 2020. Na aliyetaka kuzamia asubuhi apande ndege jioni, kusubiri kabla ya kupanda ndege ni masaa 18, masaa 18 ni masaa 18, usinipigie tena.

Naitroksi, ile hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni: kozi ilienda vizuri, ila bado kuna wanaodhani inakuruhusu kwenda chini zaidi. Ni kinyume, ile yenye oksijeni asilimia 32 mwisho wake ni mita 33 hivi, inakupa muda sio kina.

Safari ijayo mtapiga kura. Chuuk, visiwa vya Mikronesia kule Pasifiki, imependekezwa, zile meli za Wajapani zilizozamishwa Februari 1944, ni nyingi na tamu lakini nyingi ziko kina kirefu na kwa zile video nilizoona hatujafika huko. Zenobia ya Cyprus nayo ipo, feri iliyozama 1980 na malori zaidi ya 100 na hakufa mtu kwenye kuzama kwake. Kura yangu ni Liberty, unaingia kwa miguu toka ufukweni, inaanzia mita chache tu, kila mtu atapata cha kuona na tutajifunza kuelea.

Uchaguzi ni mkutano ujao, kiti changu kiko wazi, nagombea tena lakini mwenye nia ajitokeze bila aibu. Na vile vipande vyangu viwili vya risasi nilivyoviacha kwenye boti, aliyevichukua akae navyo.