Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Waheshimiwa wanachama wa chama chetu cha wenye nyumba za wageni Malindi, maafisa wenzangu, wazee wetu, mabibi na mabwana, assalaam aleikum na hamjambo nyote.

Nawashukuru mliofika. Mkutano huu ulikuwa ufanyike wiki mbili zilizopita ukavunjika kwa kukosa akidi. Katiba yataka wanachama 22 kati ya 64. Walikuja 19, na baadhi yao waliondoka chai ilipokwisha. Leo tumetimia, ingawa naona viti vya nyuma vimejaa na vya mbele vitupu, kana kwamba meza kuu inauma.

Shughuli za kawaida nitazipita haraka kwa sababu mnazijua. Usafi wa ufuo wa Silversand ulifanyika. Futari ya pamoja ilifanyika Shela. Leseni za kaunti tulizishughulikia kwa pamoja kama kila mwaka. Tumefiwa na wenzetu wawili, Mwenyezi Mungu awarehemu, na rambirambi zilifikishwa. Kampuni yetu ya kupokea oda za vyumba ilipokea oda 1,130. Mwaka wa nyuma zilikuwa 984. Hesabu kamili atazisoma mweka hazina.

Sasa nije kwenye lile lililonenwa sana barazani na kwenye kundi la WhatsApp, mpaka wengine wakasema mwenyekiti ameipeleka pesa ya bango la barabara ya Lamu kwenye waya. Nalo ni uamuzi wa kamati kuhusu usalama wa mtandao wa kampuni. Nitaueleza wote, na naomba nisikatizwe.

Mnakumbuka mkasa wa mwisho wa 2024. Wakala mmoja wa Milano alituma malipo ya awali ya vyumba vya Krismasi, na pesa hazikufika kwetu. Alikuwa amepokea barua kutoka anwani yetu wenyewe ya imeli, kwa jina letu na nembo yetu, ikimwambia kwamba akaunti ya benki imebadilika. Tapeli hakuvunja mlango. Aliingia kwa nenosiri ambalo mmoja wetu alilitumia pia kwenye tovuti nyingine, kisha akaweka kwenye sanduku la imeli agizo la kumpelekea nakala ya kila barua yenye neno "malipo". Akakaa anasoma taratibu, na siku ya siku akaandika. Hasara ile tuliibeba sote.

Baada ya hapo kampuni moja ilituletea pendekezo: fayawoli, yaani kizuizi cha mtandao, ya shilingi 480,000 na ada ya shilingi 15,000 kila mwezi. Baadhi yenu mlitaka tusaini siku ile ile. Mimi nilikataa, na kukataa kwangu kumeniletea maneno mengi. Niliwauliza wale vijana swali moja tu: baada ya mwaka mmoja, tutajuaje kwamba tumekuwa salama zaidi ya leo? Wakajibu kwamba watatuletea ripoti ya mashambulizi yaliyozuiwa, maelfu kila mwezi. Waheshimiwa, anwani yoyote iliyo kwenye intaneti hugongwa mchana na usiku na mashine zinazotafuta mlango uliosahauliwa wazi. Idadi ya waliogonga haikwambii kama ndani kumefungwa. Na fayawoli ile isingemzuia tapeli wa Milano, kwa sababu aliingia na nenosiri sahihi.

Kwa hiyo kamati, kwa pendekezo langu, iliamua tupange kwanza malengo yenye namba na tarehe, tupime tulipo, kisha ndipo tununue kinachohitajika. Tulitumia shilingi 118,600: ruta mpya, diski mbili za nje, kompyuta moja iliyotumika na malipo ya fundi. Ndiyo, zilitoka kwenye fungu la bango la barabara ya Lamu. Bango halijafutwa, limesogezwa mbele.

Lengo la kwanza lilikuwa kujua tuna nini. Daftari la ofisi lilionyesha vifaa 14. Fundi alipotazama ruta akakuta 31. Zilikuwemo simu za wanachama wanaopita kusalimia, printa, dekoda, kamera ya jirani, na tableti ya karani aliyeacha kazi zamani ambayo hadi leo hatujui iko nyumba gani. Akaunti za mfumo wa oda nazo zilikuwa 77, wakati wanachama na wafanyakazi jumla ni 69. Nane zilikuwa za watu walioondoka, na nywila zao bado zinafanya kazi! Tulizifunga siku hiyo hiyo. Tangu hapo kanuni ni kwamba kifaa kigeni kisipitishe siku 1 bila kujulikana mwenyewe, na anayeacha kazi akaunti yake ifungwe kabla jua halijazama. Waifai ya wageni na wanachama imetengwa na ya kazi. Walionilalamikia kwamba simu zao zimefukuzwa ofisini, hazikufukuzwa. Zimehamishiwa chumba cha mbele.

Lengo la pili ndilo lililozua ugomvi. Uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri mtu atoe pia namba ya muda kutoka kwenye simu yake, uwashwe kwenye akaunti zote 69 kufikia tarehe 31 Julai. Tulianza na 9. Wenye simu mahiri walielekezwa watumie programu ya kutoa namba, kwa sababu laini ya simu inaweza kuhamishwa na matapeli na ujumbe ukaenda nayo. Wenye kabambe, zile simu za vibonye, tuliwaachia namba kwa ujumbe mfupi, kwani kidogo kilicho salama ni bora kuliko kuacha wazi kabisa. Tarehe ilipofika tulikuwa 58. Akaunti 11 zikafungwa.

Nimeitwa dhalimu kwa kufunga akaunti Agosti, Wataliano wamejaa mjini. Nasema hivi: tarehe ile ilipitishwa kwenye mkutano wa Mei na imo kwenye kumbukumbu. Ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp ambamo sote 64 tumo na tunatumiana salamu za Ijumaa bila kukosa. Karani alikaa ofisini Jumamosi tatu mfululizo kuwasaidia watu, na mimi nilikaa naye, nikaacha wageni wangu mwenyewe. Katika wale 11, tisa hawakuhudhuria mkutano wa Mei. Asiyekuwapo na lake halipo. Na kama tarehe ingesogezwa kwa sababu ya Agosti, ingesogezwa tena kwa sababu ya Desemba, na lengo lingebaki kwenye karatasi. Hivi leo tuko 67 kati ya 69. Wawili waliobaki wanapiga simu ofisini wakitaka oda zao, na hiyo ni hiari yao.

La tatu ni masasisho ya programu. Sasisho la hatari kubwa liwekwe ndani ya siku 14 tangu litolewe. Siku hizo hatukuzitoa mfukoni. Ndicho kipimo cha Cyber Essentials, mpango wa Uingereza wa usalama wa mtandao. Wanaouliza haraka ya nini wakumbuke WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga kompyuta kikidai fidia. Sasisho la kuziba upenyo kilioutumia lilikuwa limeshatolewa Machi, na hospitali nyingi za Uingereza zilivurugikiwa na kazi kwa sababu kompyuta nyingi hazikuwekewa. Sisi tulikuwa na kompyuta ambayo haikusasishwa kwa miezi saba. Tangu Juni, kompyuta tatu kati ya tano zimetimiza kila mwezi. Mbili zilikuwa za Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Moja imebadilishwa, nyingine imetolewa mtandaoni na inachapa barua tu. Ndiyo hiyo mnayoiona pale imefunikwa kitambaa.

Kuhusu nakala rudufu sitasema mengi, ila kwamba zamani ripoti zetu ziliandika "nakala zinahifadhiwa" na sote tukapiga makofi. Lengo jipya halijali kuhifadhi, linajali kurudisha: daftari la oda lirudi lote ndani ya saa 4. Jaribio la kwanza lilifeli, kwani diski ilikuwa inanakili folda tupu. La pili lilichukua saa 6. La mwisho, saa 2 na dakika 40. Diski moja hukaa ofisini, nyingine nje ya jengo.

Nakuja kwenye ujumbe wa hadaa. Naam, ni sisi tuliotuma, ili kuwapima watu wetu. Mwezi Juni wanachama na wafanyakazi walipokea imeli ya kundi la wageni 12 wanaotaka vyumba vya Krismasi kwa bei nono, wabonyeze kiungo kuthibitisha. Watu 27 walibonyeza. Waliotoa taarifa ofisini ni 3. Najua kuna waliokasirika, na kuna mmoja aliyekwisha kuulizia bei ya magodoro. Lakini matapeli hawatatuma ujumbe unaochukiza, watatuma unaopendeza. Majina hayakutangazwa na hayatatangazwa, wala kamati haikumcheka mtu. Mwezi Oktoba tulirudia kwa hila nyingine: waliobonyeza 12, waliotoa taarifa 21, na taarifa ya kwanza ilifika ndani ya dakika 6. Mimi naitazama zaidi hiyo namba ya taarifa. Kubonyeza hakutafika sifuri kamwe, lakini mtu mmoja akisema mapema, ofisi inawahi kuwaonya wengine 68.

Wanaosema sisi ni wadogo, nani atatutaka, wafikirie pasipoti. Kila nyumba hapa ina picha za pasipoti za wageni, nyingine zimelala kwenye simu tangu mwaka juzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tumjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu tugundue kwamba taarifa za watu zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, iliyo ndogo kati ya hizo. Mkasa wa Milano ungetokea kwenye pasipoti, saa 72 zingekwisha tukiwa bado tunabishana nani alikuwa na nenosiri. Hili la kufuta picha za zamani bado hatujaliwekea namba, kwa sababu wanachama hawakubali tuzihesabu. Kamati italiangalia.

Kuhusu ada. Tulitarajia shilingi 384,000, zikalipwa 221,500. Deni ni 162,500, kubwa kuliko gharama yote ya mtandao iliyonifanya nitukanwe. Wanaodai bango kwa sauti kubwa, baadhi yao hawajalipa tangu Februari. Sitawataja, orodha inajitaja. Mahudhurio nayo yameshuka. Mkutano wa Mei tulikuwa 26, wa Septemba 20, na huo wa wiki mbili zilizopita mmeusikia.

Mwaka ujao tunatarajia kuendelea na malengo haya, kuongeza lile la pasipoti pale maelewano yatakapopatikana, kulitazama upya suala la bango pesa zikiruhusu, na kuangalia uwezekano wa mafunzo kwa makarani wa nyumba za Watamu, inshallah.

Namshukuru katibu, mweka hazina, na fundi wetu aliyekubali kulipwa kwa mafungu mawili. Familia yangu nayo imevumilia mengi.

Orodha ya wadaiwa imebandikwa mlangoni. Mweka hazina yuko meza ya kulia na anapokea M-Pesa. Fomu za kugombea uongozi ziko kwa katibu, na kwa mujibu wa katiba hupewa aliyelipa ada yote.

Wenu,
Mwenyekiti
Malindi