Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Jimbo la Haut-Katanga: Msanii naye apite staji

Ekselensi,

Nakuandikia kutoka Katuba, Lubumbashi, ninakofundisha shule ya msingi. Naomba wasanii wa mitaa yetu wafunzwe ualimu kabla ya kuingizwa darasani, kisha wasiachwe peke yao, na kazi hiyo walipwe.

Nimeona yanayotokea wasipofunzwa. Mchoraji mmoja, fundi kweli kweli, alialikwa kwetu, darasa la mwaka wa tano. Aligeukia ubao, akachora samaki wa kupendeza, kimya, roho yote mkononi. Nyuma yake watoto, watatu watatu kwenye dawati, walishamaliza kushangaa na wameanza kusukumana. Alipogeuka, nusu ya darasa haikuwa naye tena. Kipaji alikuwa nacho. Hakuna aliyemwonyesha kwamba ubaoni mtu huchora hatua moja, akageuka, akauliza, akangoja, akapita kati ya madawati. Tulikaa naye tukaandaa fishi ya somo: lengo, vifaa, muda, maswali. Aliporudi, kila mtoto alikuwa na kazi tangu mwanzo: chora mgongo wa samaki, mpe jirani aendeleze. Siku hiyo mtoto ambaye huwa hafungui mdomo alisimama kutueleza mapezi.

Mji huu unaijua kazi ya kulea wasanii. Mwaka 1946, ukiitwa bado Elisabethville, mchoraji Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji, Le Hangar. Hakutaka vijana wanakili picha za Ulaya. Aliwapa rangi na muda, akakaa karibu nao. Pilipili Mulongoy akatoka na ndege na samaki wake, Bela akapaka kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa mistari mifupi mifupi. Shuleni, mlezi wa namna hiyo anapaswa kuwa mwalimu mzoefu.

Tangu shule ya msingi ya serikali hapa Kongo iwe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na nafurahi kuwaona watoto hao. Lakini mwalimu mmoja hatoshi kwa yote. Mfua shaba aweza kufundisha duara, kipenyo na ulinganifu kwa bamba na bikari. Mpiga karindula, ile banjo kubwa ya kwetu, aweza kuonyesha nusu na robo kwa mapigo. Na watafundisha kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto wa mitaa ya Kenya au Kamalondo hapa Lubumbashi anaamka nayo.

Anayesomea ualimu hapewi darasa bila staji, yaani mazoezi ya kufundisha. Msanii naye aanze kwa kukaa nyuma na kutazama, kisha agawane somo na mwalimu, kisha afundishe mwenyewe mwalimu akiwa amekaa palepale. Baada ya hapo mwalimu yuleyule aendelee kumtembelea mwaka mzima, maana ugumu wenyewe huanza watoto wakishamzoea mgeni.

Kuhusu malipo sitazunguka. Msanii akiacha karakana yake asubuhi, siku hiyo hauzi kitu. Kumpa nauli na shukrani ni kumwambia kazi yake si kazi.

Mwezi wa saba na wa nane madarasa yetu yako tupu. Tunaomba uwaruhusu madirekta wa shule wayafungue kwa mafunzo hayo, na inspeksheni ya shule ituchagulie walimu wa kuwalea wasanii kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa tisa.

Mwalimu wa shule ya msingi, Katuba