Sufuria ya kambini ichaguliwe kwa moto wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo waandaaji wengi wa safari za vijana hapa Dodoma hulikumbuka siku ya mwisho, mahema yakiwa yameshakodiwa na nauli imeshalipwa, nalo ni vyombo vya kupikia. Kiangazi kinapoingia, shule, vyuo na vikundi vya makanisani hupeleka vijana kulala nje: wengine Kolo kutazama michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, wengine Mtera kando ya bwawa, na wenye miguu imara hufika hadi Mlima Hanang. Katika maandalizi hayo sufuria huchaguliwa kwa wepesi wake na kwa bei yake, ilhali mambo ya kutazamwa kwanza ni moto utakaotumika na chakula kitakachopikwa.

Moto wa kuni juu ya mafiga haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe. Hupanda kila upepo unapovuma, na upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi hakuna mkazi asiyeujua. Sufuria nyembamba ya alumini ikipokea moto huo hushika joto kali mahali pamoja, wali ukaungua chini huku juu ungali na kiini. Alumini huyeyuka inapofika takriban nyuzi joto 660, na makaa yanayopulizwa na upepo yanaweza kuvuka kiwango hicho. Kinachoilinda sufuria ni maji yaliyomo ndani yake. Mpishi akiisahau mpaka maji yakauke, kitako hupinda, na ile nyembamba kabisa hutoboka. Kwa hiyo namshauri mnunuzi aibonyeze sufuria kwa kidole gumba pale pale dukani, na ikibonyea aiache, hata kama ile yenye kitako kinene itaongeza kilo nzima kwenye mzigo.

Ugali una masharti yake. Ugali wa mtama au wa uwele, ambao huku kwetu ndio chakula chenyewe, husongwa kwa nguvu, na sufuria nyepesi huzunguka pamoja na mwiko mpaka mpishi amwombe mwenzake aishikilie kwa miti. Inafaa yenye mikono miwili ya chuma iliyopigiliwa kwa ribiti, kwa maana mikono ya plastiki haivumilii ndimi za moto. Wanaobeba mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake wajue kwamba sufuria pana iliyojaa huyumba hapo, na kusongea ugali juu yake ni hatari kubwa kwa watoto waliokaa karibu.

Kwa samaki wa Mtera, vikaango vyenye utando usiogandisha chakula vibaki nyumbani. Utando huo huanza kuharibika na kutoa moshi wenye madhara joto linapozidi takriban nyuzi 260, kiwango ambacho kikaango kisicho na kitu juu ya kuni hukifikia upesi sana. Karai la chuma linatosha, mradi baada ya kuoshwa likaushwe motoni na kupakwa mafuta kidogo lisipate kutu.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni sufuria za kusubu, zinazotengenezwa kwa kuyeyusha alumini na vyuma vingine chakavu. Ni nzito, zinastahimili moto, bei yake si kubwa, na kwa macho ndizo zinazofaa kambini. Hata hivyo, ndani ya chakavu hizo mna vipande vya injini na vya vifaa vya umeme, na uchunguzi uliofanywa Kamerun na katika nchi nyingine umeonyesha kwamba baadhi ya sufuria za namna hiyo hutoa madini ya risasi na kuyaingiza kwenye chakula, hasa chakula chenye uchachu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na wataalamu wa afya wanasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mchuzi wa nyanya, ukwaju au ndimu usilazwe ndani ya sufuria yoyote ya alumini. Uhamishiwe kwenye chombo cha chuma kisichoshika kutu.

Wapandao milima wakumbuke pia mfuniko. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi. Karibu na kilele cha Hanang, kinachopita mita 3,400, huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, hivyo chakula huchelewa kuiva. Maharage makavu huko yatamaliza kuni na uvumilivu wa kila mtu. Yachemshwe nyumbani kabla ya safari, na sufuria iwe na mfuniko unaokaa sawasawa, usiopeperushwa na upepo. Sahani na vikombe havina shida, vyovyote visivyovunjika vinatosha.

Naliomba Shirika la Viwango Tanzania liwafikie mafundi wanaosubu sufuria, lizipime kazi zao, na sufuria itakayobainika kuwa salama ipewe alama ambayo mnunuzi wa kawaida wa soko la Majengo au Sabasaba ataweza kuitambua. Mafundi hawa wanafanya kazi ya jasho na wanastahili kusaidiwa kuchambua chakavu, badala ya kufukuzwa sokoni. Wakati hilo likisubiriwa, waandaaji wa kambi wanaopikia watoto wasizitumie sufuria hizo.

Mlezi wa kambi za wanafunzi,
Kikuyu, Dodoma