Unataka kupunguza asilimia 10 ya nini?

Kazi yetu ni kukadiria matumizi ya umeme na hewa ukaa ya majengo. Wateja wengi wa hapa Tanga hutujia wakiwa wameshaandika lengo: "Tutapunguza hewa ukaa kwa asilimia 10." Tukiuliza asilimia 10 ya nini, jibu huwa "ya mwaka jana." Tatizo linaanzia hapo.

Tuseme hoteli ya Raskazone ilitumia uniti 60,000 za umeme mwaka jana. Ukitoa asilimia 10 zinabaki 54,000. Lakini mwakani inafungua vyumba vipya, na makadirio yanaonyesha itafika uniti 72,000. Lengo lililoonekana jepesi sasa linadai kupunguza robo nzima. Na wageni wakiadimika, mwenye hoteli atalifikia bila kubadilisha hata balbu moja, kisha ajisifu bure. Hata ahadi ya Tanzania ya mwaka 2021, ya kupunguza asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, haipimwi kwa mwaka uliopita. Inapimwa kwa hali ambayo ingekuwapo kama mambo yangeachwa yaendelee yalivyo.

Ili kukadiria hali hiyo, sisi tunaanza na mita, risiti baadaye. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hununuliwa pesa ikiwapo. Mhasibu akinunua uniti nyingi mwishoni mwa Januari zikaja kutumika Februari, risiti zitakudanganya kwamba Januari ndiyo iliyokula umeme. Kwa ofisi iliyofungwa, tunamwomba mlinzi asome mita saa nne usiku na tena saa kumi na moja alfajiri. Tofauti yake ni mzigo usiolala: friji, pampu ya maji, seva, na mara nyingi AC iliyosahauliwa kwenye chumba cha mikutano.

Kinachobaki hufuata joto na watu. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, AC hazipumziki. Kusi ikishika, Juni na Julai matumizi yanashuka. Ramadhani hubadilisha saa za kazi na za migahawa, nayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usitegemee Machi ya mwaka huu ifanane na ya miaka mitatu ijayo. Tunapanga usomaji wa miezi 12 kando ya joto la mwezi na idadi ya vyumba vilivyolala wageni, kisha tunachora mstari wa matumizi ya kutarajia. Excel inatosha. Anayekuuzia programu ya mamilioni kwa jengo la ghorofa mbili, mwulize kwanza kama ameiona mita yako.

Uniti zote hazina uzito mmoja wa hewa ukaa. Za gridi ya taifa ni mchanganyiko wa maji na gesi asilia, na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, limeongeza sana upande wa maji. Jenereta ni habari nyingine: lita moja ya dizeli hutoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa na kukupa uniti tatu hivi, yaani karibu kilo 0.9 kwa kila uniti. Kwa hiyo saa za jenereta tunazikadiria peke yake.

Halafu kuna gesi ya AC. Kilo moja ya R410A ikivuja ni sawa na tani 2 za hewa ukaa, yaani zaidi ya lita 700 za dizeli. Fundi anayekuja "kujaza gesi" kila mwaka bila kutafuta inapovujia anakuharibia hesabu kuliko balbu zako zote.

Ukitaka tuanze, tuletee picha ya mita ya kila tarehe mosi, daftari la dizeli na ramani ya unachojenga mwakani. Kama daftari la dizeli halipo, lifungue leo. Mengine tutayapata kwenye mita.