Rangi za somo la kuchora ziko jikoni

Ndugu Mhariri,

Shule nyingi za msingi hulalamika kuwa somo la kuchora halifundishiki kwa sababu rangi hakuna. Basi mwalimu huchora chungu ubaoni, darasa zima linanakili, kengele inalia. Hapo watoto wamefundishwa kunakili, si kuchora. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa michoro ya Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar es Salaam, alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Rangi zile za mafuta haziwafai watoto, lakini za kupika zipo.

Kwa darasa la watoto 50, koroga kikombe 1 cha unga wa muhogo katika kikombe 1 cha maji baridi, kisha mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka huku ukikoroga hadi uji ung'ae. Unga mkavu ukiutupa kwenye maji ya moto, utapata madonge yasiyovunjika. Uji huu huchacha upesi, kwa hiyo upikwe siku ileile ya kipindi. Ugawe mara tatu, kila fungu ulitie rangi yake. Nyekundu ni rangi ya chakula, ile ya kwenye ubuyu. Njano nayo ni ya chakula. Buluu ni ya kufulia nguo nyeupe, ndiyo maana watoto wakatazwe kulamba vidole. Bizari ya manjano nayo hutoa njano na ni rahisi kupatikana, ila hupauka juani, na ikikutana na chokaa hugeuka nyekundu.

Watoto watano watano, kila kikundi kipewe vijiko 2 vya kila rangi na makopo mawili ya maji: moja la kuoshea brashi, la pili la kusuuzia. Kikiwa na kopo moja tu, baada ya dakika kumi kila kitu ni rangi ya tope. Brashi ni kijiti cha mwarobaini kilichopondwa ncha kwa jiwe (kukitafuna ni adhabu). Karatasi ya daftari hujikunja ikilowa. Upande wa ndani wa boksi unafaa zaidi.

Zoezi la kwanza liwe la jani. Kila mtoto aje na jani moja, la mwembe, mgomba au kisamvu, kisha atafute kijani chake. Aanze na njano, aongeze buluu kwa ncha ya kijiti. Akianza na buluu, atamaliza njano yote na bado hajafika, maana rangi nzito huimeza nyepesi. Anapodhani amepata, adondoshe tone juu ya jani. Likionekana, bado. Mwenye la mwembe atagundua kijani chake kinang'aa mno. Chembe ya nyekundu hukituliza. Kipindi kizima kitaishia hapo, na kinatosha.

Kwa darasa la kwanza na la pili, anga ikichorwa kama mkanda juu ya karatasi, pakabaki peupe katikati, mwalimu asirekebishe. Ndivyo watoto wa miaka sita na saba wanavyopanga mahali. Kufunikisha kitu kimoja juu ya kingine huja baadaye, kuanzia miaka tisa hivi. Na kalamu nyekundu isiguse picha. Maoni yaandikwe nyuma.

Mkufunzi wa sanaa,
Morogoro