Wakili yuko Ureno, lakini bili inatengenezwa Mafinga

Kamwene Mhariri, na wasomaji wote wa huku nyanda za juu kusini.

Siku hizi ukikaa na wafanyabiashara, iwe Mafinga, Makambako au pale Mwanjelwa, humalizi chai kabla mmoja hajatoa simu akuoneshe tangazo la wekeza upate ukaazi Ulaya. Kwetu lilishatukuta. Kaka yangu ni mtu wa mbao, alianza kwa kupasua za watu mpaka akawa na mashamba yake ya paini huko Mufindi, watoto wake wawili wanasoma nje, basi akaniambia mdogo wangu wewe ndo umesoma, hebu nitafutie hii kitu ya Ureno. Nikatafuta. Hela imeliwa sana upande wa wakili na ninavyoona mimi nusu yake tulijitakia.

Kosa la kwanza tulianza na dalali wa Dar. Ofisi kali, AC, maji ya chupa, akataka dola kabla hata hajauliza kaka ana biashara gani. Akatuuzia habari ya kununua apatimenti Lisbon. Huo ni mwaka 2024 jamani, na Ureno walishafuta njia ya kununua nyumba tangu Oktoba 2023! Utaratibu wenyewe upo tangu 2012 ila sasa hivi njia wanayoitumia wengi ni kuweka euro 500,000 kwenye mfuko wa uwekezaji, zaidi ya bilioni moja ya kwetu hiyo, nyumba haimo. Hela ya dalali haijarudi mpaka leo, simu anapokea mkewe. Na sio Ureno tu waliobadilisha, Uingereza walifunga ya kwao Februari 2022, Ireland wakafuata Februari 2023, Hispania Aprili 2025, Ugiriki ipo ila Athens kima cha chini kilipanda mpaka euro 800,000 kuanzia Septemba 2024. Kwahiyo mtu anayekutajia bei bila kukutajia mwaka, muage vizuri uondoke.

Baada ya hapo tukatafuta wakili wa kule kule moja kwa moja. Chama chao cha mawakili kinaitwa Ordem dos Advogados, majina ya mawakili wake unayatafuta mwenyewe kwenye mtandao bila kulipa hata senti, nilikaa na bando langu la jioni moja nikamaliza. Yule wakili aliyependekezwa na watu wa mfuko tukamkataa, maana anakula kwao, siku mkataba wa mfuko ukiwa na shida atamtetea nani?

Sasa hapa ndo penye stori. Wakili wetu mama mmoja mpole tu, alitoza kwa saa. Tukaona poa, saa ngapi zitaisha kwani? Tukamtumia makaratasi ya kaka kama yalivyokuwa. Mhariri natamani ungeona lile faili la kijani. Mashamba manne, mikataba minne, yote imeandikwa kwa bik kwenye karatasi za daftari, mmoja una doa la mafuta ya taa, mhuri wa zambarau wa mtendaji wa kijiji umekaa juu ya maandishi kiasi kwamba ekari hujui ni 3 au 8, mashahidi wawili wamesaini na mmoja ameweka dole gumba. Sisi huku hiyo ni hati safi kabisa, hakuna mtu wa kukusumbua. Ureno ikarudi emaili ina maswali kumi na moja. Mtendaji ni nani kisheria. Dole gumba la nani. Ekari ni kipimo gani. Mbao za 2 kwa 4 ziliuzwa kwa nani na hela iliingia benki gani, na hapo kaka akacheka mpaka akakohoa, maana wanunuzi wake wanakuja na fuso na hela kwenye mfuko wa rambo, inahesabiwa juu ya gogo.

Kila swali ni emaili, kila emaili ni dakika, kila dakika ni euro. Tukijibu nusu linarudi tena. Bili ya mwezi wa kwanza kaka alidhani ni ya kazi nzima.

Yule mama simlaumu. Benki na watu wa mifuko Ulaya wanabanwa na sheria za utakatishaji fedha, lazima waone hela ilizaliwa wapi, na kipindi chote kile Tanzania tulikuwa kwenye orodha ya nchi zinazoangaliwa kwa karibu ya FATF, hawa ni chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, tuliingia Oktoba 2022 tukatolewa Juni 2025. Pasi ya Tanzania ikionekana tu walikuwa wanakaza macho.

Tukasimamisha kila kitu miezi mitatu tukasafisha nyumbani kwanza. Nilikwenda vijijini na pikipiki kuwafuata watendaji, wawili walishahama, tukaandikiwa barua mpya zenye ukubwa wa shamba na mwaka wa kununua. Mhasibu wa Iringa mjini akakaa na ritani za TRA, risiti za EFD na steitimenti za benki akatengeneza maelezo ya kurasa mbili tu, mwaka huu ilivunwa ekari kadhaa, iliuzwa kiasi hiki, benki iliingia kiasi hiki, iliyobaki ilinunua shamba hili. Tukatafsiri vyote kwa mkupuo mmoja. Halafu ishu ya majina, cheti cha kuzaliwa cha RITA jina la ukoo lina "y", NIDA ina "i", pasi imefuata NIDA, na cheti cha ndoa shemeji yeye ana jina la babu ambalo halipo kwingine kokote. Wakili wa hapa hapa Mafinga akatuandalia viapo vya majina, alichotutoza hakifiki hata robo saa ya yule mama.

Tuliporudi Ureno tukaomba mkataba mpya, bei moja ya kazi nzima, imekatwa kwa awamu, unalipa awamu ikiisha. Tukataka aandike wazi ada ya serikali ni ipi na yake ni ipi, kila mwanafamilia anaongeza kiasi gani, namba ya mlipakodi ya kule ambayo wanaiita NIF imo au ni bei nyingine, na VAT inahesabiwaje maana kwao ni asilimia 23. Alikubali bila ubishi! Kumbe kuuliza ni bure. Na mimi nikawa mtu mmoja tu wa kuandika emaili, kila Ijumaa moja, maswali yote humo. Kabla ya hapo kaka, shemeji na mtoto aliye chuoni kila mmoja alikuwa anamwandikia kivyake.

Kutuma hela yenyewe pia usikurupuke, Benki Kuu ina kanuni zake za fedha za kigeni kwa Mtanzania anayewekeza nje, kaulize benki yako kabla hujasaini chochote. Na wale wanaomtisha kaka kwamba atanyang'anywa utanzania, ukaazi sio uraia, sheria yetu ya 1995 inakataza uraia pacha kwa mtu mzima, haikatazi kuwa na kibali cha kuishi kwa watu.

Ombi langu kwako Mhariri, matangazo ya hawa madalali mnayachapa, sawa ni biashara, ila mtafuteni hata wakili mmoja aandike safu ya kueleza watu mambo haya kwa kiswahili cha kawaida, maana kaka sio wa mwisho, wa parachichi Njombe nao wameshaanza kuniulizia namba ya yule mama.

Sisi bado tunasubiri. Idara yao ya uhamiaji inaitwa AIMA, ilichukua kazi mwishoni mwa Oktoba 2023 ikarithi mlima wa mafaili, na cheti cha polisi cha tabia njema wanataka kiwe kibichi. Tulikiwahisha sana, kikaisha muda tukiwa kwenye foleni. Jumatatu kaka anakwenda kuweka vidole upya, na safari hii amekataa kupanda basi la usiku, anasema alishalala Kitonga nyuma ya lori lililoanguka mara moja inatosha.

Msomaji wenu, Mafinga, Iringa